Mfanyakazi mpya asiyeona: mpe kazi yote aliyoajiriwa kuifanya

SWALI: Mimi ni mkuu wa kitengo cha huduma kwa wateja katika taasisi moja hapa Dodoma. Tupo wafanyakazi kama 60. Mwezi ujao tunampokea kijana wa kiume, mhitimu wa chuo kikuu, ambaye haoni kabisa. Kwenye usaili aliwashinda wenzake wote. Kazi yake ni kupokea malalamiko ya wateja kwa barua pepe na simu, kuyaingiza kwenye mfumo, kuyafuatilia, na kuandaa taarifa ya kila mwezi. Sijawahi kufanya kazi na mtu asiyeona. Wenzangu wananishauri nimweke kwenye simu tu, hayo mengine wayafanye wengine ili asihangaike. Sitaki aonewe, na sitaki pia watu waseme anapendelewa. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, anzia hapo hapo kwenye simu, maana hilo likikosewa, mengine yote nitakayokueleza hayatamsaidia. Usimweke kwenye simu tu. Kijana huyu aliomba kazi yenye sehemu nne, akasailiwa kwa sehemu zote nne, akashinda. Ukimpunguzia tatu siku anaripoti, utakuwa umempa kazi ambayo hamkuitangaza na ambayo hakuiomba.

Naamini wenzako wanasema hivyo kwa nia njema. Lakini nimefundisha wasioona kompyuta na kuwasindikiza kuingia kazini kwa miaka mingi, na kilichowaharibia wengi ajira ni huruma kuliko chuki. Inaanza kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza anaondolewa kwenye taarifa kwa sababu "ina majedwali mengi". Mwezi wa pili anaondolewa kwenye mfumo kwa sababu mtandao ulisumbua siku mbili na jirani yake akaona ni rahisi kumwingizia. Baada ya nusu mwaka mtu amekaa mbele ya simu ambayo haiiti, hana cha kuonyesha wakati wa tathmini, na ofisi inanong'ona kwamba analipwa bure. Hayo maneno ya upendeleo unayoyaogopa huzaliwa hapo. Hayazaliwi na programu utakayomwekea wala na dakika ishirini za kumtembeza jengoni.

Zamani wasioona waliosoma walikuwa na milango michache ya kupitia: ualimu, swichibodi ya simu, kazi za mikono. Wengi waliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, na heshima yao ibaki palepale. Ila milango ilikuwa michache kwa sababu ofisi nzima ilikuwa ya karatasi. Leo lalamiko la mteja linaingia likiwa maandishi ya kompyuta, na maandishi ya kompyuta yanasomeka kwa sauti. Kazi uliyoieleza, kwa jinsi ulivyoieleza, mtu asiyeona anaweza kuifanya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sasa mpigie simu. Usimsubiri siku ya kuripoti. Muulize maswali ya kazi: anatumia programu gani ya kusoma skrini, yaani ile inayomtamkia kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta, anasoma nukta nundu (maandishi ya kupapasa kwa vidole) au la, anatembea na fimbo nyeupe au na mtu, amewahi kutumia mifumo gani, atafikaje ofisini. Wasioona hawafanani. Aliyesoma katika shule zinazopokea wasioona, kama Buigiri au Uhuru Mchanganyiko, tangu darasa la kwanza huenda anasoma nukta nundu kwa kasi, na aliyepoteza uoni akiwa chuo huenda haijui kabisa na anategemea sauti peke yake. Aliyezaliwa haoni na aliyewahi kuona wanaelekezwa jengoni kwa maneno tofauti. Hutajua bila kuuliza, na yeye ndiye mtaalamu wa kwanza wa mambo yake. Swali la namna alivyopoteza macho liache. Akitaka kulisimulia, atalisimulia siku atakayopenda.

Majibu yake yapeleke kwa watu wa TEHAMA wiki hiyo hiyo, kwa sababu wao ndio wanaohitaji muda kuliko wote. Programu mbili zinazotumika sana kwenye Windows ni JAWS na NVDA. JAWS ni ya siku nyingi, ina nguvu, na leseni yake ni ya kulipia. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe haoni, na James Teh, naye asiyeona, akaungana naye. Ni ya bure kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia taasisi haina bajeti ya kumhudumia, mwambie kwa upande wa programu bajeti ya kuanzia ni sifuri. Tatizo la kawaida ni jingine: kompyuta za ofisi zimefungwa, mtumiaji haruhusiwi kuweka programu mpya, na kijana anakaa wiki mbili akisubiri mtu mwenye nywila ya msimamizi arudi safari. Wiki hizo mbili ndizo ambazo ofisi inaamua ndani ya moyo wake kwamba "hawezi". Programu iwepo na iwe imejaribiwa kabla hajafika.

Mpe kompyuta mpakato kwa sababu ya umeme. Ikiwezekana iwe na kibodi yenye vitufe vya namba upande wa kulia, kwa kuwa amri nyingi za programu hizi hutumia vitufe hivyo. Hedifoni ziwe nzuri, na zile za kuvaa sikio moja zinafaa zaidi kwake, sikio la pili lisikie wateja na wenzake. Sauti ya Kiswahili ipo ndani ya NVDA, kupitia kitoa sauti kiitwacho eSpeak. Ni sauti kavu ya mashine, na mgeni akiisikia hushangaa mtu anaelewaje, hasa ikiwa imeongezwa kasi. Mwachie mwenyewe aamue kasi na lugha. Wapo wengi waliozoea kusoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza na masikio yao yakakubali.

Kipo kipimo kimoja ambacho nakuomba ukifanye wewe binafsi. Chomoa mausi kwenye kompyuta yako, kisha jaribu kuingiza lalamiko moja kwenye mfumo wenu kwa kibodi tu: Tab kusogea mbele, Shift na Tab kurudi nyuma, Enter kukubali. Ukikwama mahali, huenda naye atakwama hapo hapo. Halafu mwombe mtu wa TEHAMA awashe NVDA, msikilize pamoja. Kila kitufe kinapaswa kujitaja jina. Mkisikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila jina, aliyetengeneza mfumo hakuviandikia majina vitufe vyake. Hiyo ni kasoro ya mfumo, tena hurekebishika, mara nyingi kwa kazi ndogo ya mtengenezaji. Andika orodha ya mahali mlipokwama uipeleke kwake sasa. Na kama mfumo unamtaka mtumiaji anakili herufi zilizopindapinda kwenye picha ndipo aingie, hicho kiondolewe kwa watumiaji wa ndani au kiwekewe njia nyingine.

Nyaraka ndizo zitakazowasumbua kuliko yote, na hapa nataka tukae kidogo.

Ofisi zetu zinapenda muhuri. Barua inachapwa kwenye Word, inatolewa kwenye karatasi, inasainiwa, inagongwa muhuri, inapigwa skani, kisha inatumwa kwa wafanyakazi wote ikiwa PDF. Kwa anayeona ni barua. Kwa programu ya kusoma skrini ni picha, kama picha ya mbuzi: itakaa kimya, au itatangaza kwamba ukurasa ni mtupu. Maandishi halisi yalikuwapo kwenye kompyuta ya katibu muhtasi dakika kumi kabla, safi kabisa, yakageuzwa picha. Zipo programu za kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, na NVDA nayo ina uwezo huo, lakini muhuri ukilala juu ya mistari au skani ikipinda, yanayotoka ni makombo ya maneno. Dokezo la mkuu lililoandikwa kwa mkono pembeni ya jalada, "zungumza nami kuhusu hili", halisomeki hata chembe.

Dawa yake ni ndogo hadi unashangaa kwa nini inakuwa ngumu: kila barua iliyopigwa skani iende pamoja na faili lake la Word. Waambie masijala na katibu muhtasi sasa, na uwaeleze sababu, kwa sababu agizo lisilo na sababu hudumu wiki moja. Kwa madokezo ya mkono, aliyeandika aongeze mstari mmoja kwenye barua pepe. Taarifa ndefu ziandikwe kwa vichwa vya habari halisi vya Word, vile vinavyochaguliwa kwenye mitindo, badala ya kukoleza wino tu. Msomaji asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitufe kimoja, na pasipo vichwa hivyo analazimika kusikiliza kurasa arobaini ili apate aya moja. Kwenye Excel, acheni kuunganisha visanduku ovyo ili jedwali lipendeze. Safu moja iwe na jambo moja, na kila safu iwe na jina lake juu. Hapo ile hofu ya majedwali kwenye taarifa ya mwezi inapungua sana, na nadhani hata mhasibu wenu atashukuru.

Usisahau kundi la WhatsApp la ofisi. Najua mambo mengi ya kazi yanapita huko: picha ya tangazo la kikao, picha ya ratiba ya zamu, picha ya ubao, na chini yake mtu anaandika "tafadhali zingatieni". Yeye atasikia "picha" na hayo maneno mawili. Anayetuma picha aandike chini yake ilichosema. Tangazo lililobandikwa ukutani karibu na chai lazima pia lifike kwenye barua pepe. Anayeona huokota habari nyingi kwa jicho wakati anapita: nani yuko likizo, gari gani limetoka, mkuu yuko na mgeni. Hizo zote asiyeona hazipati mpaka mtu aseme. Mtu akikosa taarifa kwa namna hiyo kwa miezi, ataonekana mzito wa akili katika ofisi ambayo yeye ndiye aliyefaulu usaili kuliko wengine.

Kwa jengo, mpangie siku moja au mbili kabla ya kuanza, wakati hakuna msongamano, mzunguke naye. Yeye ndiye anayekushika, juu kidogo ya kiwiko, wewe ukitangulia nusu hatua. Usimsukume kwa mgongo, wala usivute fimbo yake. Muulize pia kama yuko huru kuelekezwa nawe au angependa mwanamume mwenzake. Watu hutofautiana katika hili na si vizuri kukisia. Njia za muhimu ni chache: getini hadi mezani kwake, mezani hadi chooni, hadi sehemu ya chai, hadi ukumbi wa mikutano, hadi ofisini kwako, na njia ya kutokea wakati wa hatari. Atazirudia peke yake mara kadhaa kisha atazimudu. Kazi yenu baada ya hapo ni kuacha korido wazi. Mlango uwe umefunguliwa wote au umefungwa, kwa maana ule ulioachwa nusu ndio unaompiga mtu usoni. Maboksi ya karatasi yasilazwe kwenye njia. Pikipiki zisiegeshwe penye njia ya miguu, na mtaro ulio karibu na geti ufunikwe, jambo ambalo lingepaswa kufanywa hata asingeajiriwa mtu yeyote asiyeona. Mkihamisha meza, mwambieni siku hiyo hiyo.

Na mzungumze na mlinzi wa getini. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu nimelisikia kwa zaidi ya mtu mmoja: mfanyakazi anafika siku yake ya kwanza amevaa suti, amebeba barua ya ajira, na mlinzi anamwambia leo hakuna msaada, arudi Ijumaa. Mlinzi amezoea kumwona asiyeona akija kuomba, hajazoea kumwona akija kazini. Mpe jina la kijana na tarehe, mwambie ni mtumishi, na umweleze dereva wa bajaji atamshusha upande gani.

Sasa kuna jambo la salamu ambalo linaonekana dogo. Kijana wenu atakuwa mdogo kwa umri kuliko wengi hapo. Mama mtu mzima wa uhasibu atapita mbele ya meza yake kimya, akisubiri shikamoo yake. Haitakuja, kwa sababu kijana hajui nani kapita. Siku ya tatu mama huyo atasema kijana ana majivuno, hana adabu, kisomo kimemlevya. Ofisini kwetu sifa ya kukosa adabu ni nzito kuliko ya kukosa ujuzi, na huwa haifutiki. Kwa hiyo waambie wenzako: anayemkaribia atamke, ajitaje. "Habari za asubuhi, ni mama fulani wa uhasibu." Shikamoo yake atapewa hapo hapo, tena kwa furaha. Anayeondoka naye aage, asimwache mwenzake akiongea na kiti. Na ile tabia ya kumshika bega na kumuuliza "nikisema hivi, mimi ni nani?" ikome. Mara ya kwanza atacheka kwa adabu. Mara ya kumi ni mateso.

Pole za kila asubuhi nazo zitamchosha. Yeye hajafiwa, amekuja kazini. Vilevile yupo mwenzako mmoja, nina hakika, atakayetaka kumwombea apone. Imani yake naiheshimu, lakini mtu asiombewe uponyaji mezani kwake mbele ya watu bila yeye kuomba. Utamkinga kwa kumweleza mwenzako huyo pembeni, kwa upole, mapema.

Ungeweza kuita kikao kifupi cha kitengo kabla hajafika, ueleze hayo ya nyaraka, korido na salamu. Muulize yeye kwanza kama angependa uyaseme wewe au ayaseme mwenyewe akifika. Wengi hupenda kuyasema wenyewe. Kwenye vikao vya baadaye, kila anayezungumza ajitaje, anayeonyesha slaidi asome kilichopo badala ya kusema "kama mnavyoona hapa", na nyaraka za kikao zimfikie mapema kama zinavyowafikia wengine.

Utashauriwa pia umpe msaidizi. Msaidizi anafaa kwa mambo mahususi: kusoma barua ya mteja iliyoandikwa kwa mkono, kuangalia kama kiambatisho kimepigwa skani vizuri, kumsindikiza mahali asipopajua. Anaweza kuwa jirani yake wa meza kwa nusu saa kwa siku. Akigeuka kuwa mtu anayemfanyia kazi, umewaharibia wote wawili, na mbaya zaidi ni watu wanaomsemesha msaidizi badala ya mwenyewe: "mwambie atie sahihi hapa." Yeye anasikia vizuri sana. Msemesheni yeye.

Sasa kuhusu upendeleo. Mpe viwango vile vile vya mwisho wa kipindi cha majaribio: idadi ile ile ya malalamiko, muda ule ule wa kujibu, taarifa yenye ubora ule ule. Kinachotofautiana ni wiki za mwanzo. Atajifunza mfumo kwa njia ndefu kidogo, kwa kuwa anaukariri kwa mpangilio wa vitufe badala ya kuutazama, kwa hiyo mafunzo yake elekezi yasiwe ya kukaa nyuma ya mtu na kumwangalia anavyobofya. Mkufunzi amwambie kwa maneno kinachofanyika, na yeye ndiye awe na mikono kwenye kibodi. Kila Ijumaa kaa naye robo saa, umuulize nini kimemkwamisha wiki hii, na utenganishe majibu katika mafungu mawili: yale ambayo ni mapungufu yake kama mfanyakazi mpya yeyote, na yale ambayo ni mfumo au nyaraka zetu. La kwanza arekebishe yeye. La pili rekebisha wewe. Akikosea, mwambie waziwazi kama unavyowaambia wengine. Kunyamazia makosa yake ni kumnyima nafasi ya kukua, na siku ya tathmini itakuwa kumvizia.

Mtu akikuuliza kwa nini unahangaika hivi, sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwemo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wenye sifa. Kwa watu 60, hesabu inakaribia wawili. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi, ilimradi marekebisho hayo hayampi mwajiri mzigo uliopita kiasi. Programu ya bure na faili la Word havikaribii mzigo wa namna hiyo. Kama mtahitaji ushauri wa karibu, Chama cha Wasioona Tanzania kina wanachama waliokwisha kupita njia hii katika ofisi za umma na za binafsi.

La mwisho ni mkataba wake wa ajira. Asisomewe kwa haraka mezani na afisa utumishi huku kalamu ikiwa tayari mkononi. Mtumie kwa barua pepe, katika Word, siku kadhaa kabla, ausome mwenyewe kifungu kwa kifungu na aulize anachotaka kuuliza. Hati zake za mshahara ziende kwa njia hiyo hiyo, kwenye anwani yake binafsi, ili asilazimike kumwomba jirani amsomee mshahara wake. Siku ya kusaini, chukua kadi ngumu, kata tundu refu lenye upana wa mstari mmoja, liweke juu ya mahali pa sahihi. Atalipapasa kwa kidole, atasaini ndani yake.